Tom Mboya: Bwana Afya aliyewapa makabwela wa Nairobi sauti, kisha akasaidia kuibana

CHOO si siasa, watasema wengi. Lakini katika mtaa wa Soweto East, upande wa Kibera unaopakana na Barabara ya Mbagathi, hakuna jambo la kisiasa kuliko hilo. Choo chahitaji ardhi, na ardhi nyingi ya Kibera imekuwa ya serikali. Chahitaji idhini, na kwa miaka mingi idhini ilikuwa mikononi mwa chifu. Chahitaji bomba la maji taka, na bomba hupita pale ambapo bajeti imeamua lipite. Mpangaji anayelipa kodi kila mwezi kwa mwenye banda, naye mwenye banda hana hati ya kiwanja, hana wa kumwendea isipokuwa mwanasiasa.

Kwa sababu hiyo, maisha ya Thomas Joseph Odhiambo Mboya yafaa kusimuliwa tena, na safari hii tuanzie katika kazi yake ya kwanza. Wengi wanamkumbuka kama waziri, kama msemaji hodari aliyeipeleka Kenya kwenye majukwaa ya dunia, kama kijana aliyeuawa katikati ya jiji mchana kweupe. Wachache wanakumbuka kwamba alianza kama Bwana Afya wa Baraza la Jiji la Nairobi, afisa wa kukagua mitaro, maziwa, majaa na vyoo.

Tuseme mapema kwamba Mboya hakuwahi kuwa mbunge wa Kibera. Ngome yake ilikuwa mashariki mwa jiji: Kaloleni, Shauri Moyo, Pumwani, Gikomba. Lakini namna serikali ilivyopangwa baada ya uhuru, nani aamue na nani aamuliwe, fedha ziende wapi na zisiende wapi, ni mambo yaliyopitia mezani kwake. Soweto East inaishi na matokeo yake hadi leo.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, huko Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi William Northrup McMillan. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara shambani humo, ingawa asili ya familia ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Kwa hivyo mtoto huyu wa Kisuba na Kijaluo alikua miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu, akizungumza lugha za majirani kabla hajaijua vyema nchi ya wazazi wake. Wanasiasa wengi wa kizazi chake walitoka kijijini wakaja mjini wakiwa na kabila lao mgongoni. Mboya alitoka katika kambi ya vibarua, na kambi ya vibarua ilifanana na Nairobi kuliko ilivyofanana na kijiji.

Alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki: Kabaa huko Ukambani, Yala huko Nyanza, kisha Mang'u. Karo ikawa ngumu, na badala ya kuendelea na masomo ya juu aliingia mwaka 1948 katika chuo cha mabwana afya kwenye shule ya Jeanes, Kabete, si mbali sana na mahali ambapo mabanda ya Kawangware yangeota baadaye. Huko alichaguliwa kiongozi wa wanafunzi. Alihitimu mwaka 1950, mwaka ule ule Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Baraza la Jiji.

Kazi ilimfunza haraka jinsi dola inavyomtazama Mwafrika. Bwana afya Mwafrika alilipwa sehemu moja ya tano ya mshahara wa mwenzake Mzungu kwa kazi ile ile. Kipo kisa maarufu ambacho Mboya mwenyewe alikisimulia: mama mmoja wa Kizungu aliingia ofisini akiwa na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama kijana aliyekuwa peke yake mezani, akatazama pembe zote za chumba, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu.

Mboya angeweza kununa. Badala yake alikiendea chama cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza, ambacho hadi hapo kilikuwa zaidi cha kunywa chai na kufarijiana, akakigeuza kuwa chama kamili cha kutetea maslahi: Kenya Local Government Workers' Union. Wanachama walikuwa wazoa taka, wafagiaji, wachimba mitaro, madereva na makarani. Aliwafunza kutunza vitabu vya hesabu, kuandika kumbukumbu za mikutano, kuchagua viongozi kwa kura na kumwandikia mwajiri barua yenye hoja badala ya malalamiko. Baraza likamtema mwaka 1953. Kwake haikuwa hasara, kwani mwaka huo huo aliukamata ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi nchini, akiwa na umri wa miaka 23.

Ni vyema msomaji akumbuke hali ya nyakati hizo. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953. Makhan Singh na Fred Kubai, walioasisi harakati za wafanyakazi, walikuwa kizuizini. Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika msako uliopewa jina la Anvil, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakabebwa kwa malori hadi kambi za kuzuiliwa. Katika mji uliotishwa kiasi hicho, shirikisho la wafanyakazi lilibaki kuwa karibu chombo pekee ambacho kwacho Mwafrika angeweza kusema jambo hadharani bila kufungwa siku hiyo hiyo. Mboya alilitumia kulalamikia kufukuzwa kwa familia, kukamatwa kwa viongozi wa matawi na mishahara isiyotosha chumba. Mwaka 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, aliteremka pwani, akawasihi warejee kazini, kisha akawapigania mbele ya mahakama ya usuluhishi hadi wakapata nyongeza kubwa.

Wapo waliomwita kibaraka wa Wamarekani, kwa kuwa fedha za shirikisho zilitoka kwa vyama vya wafanyakazi vya Magharibi. Fedha hizo zilikuwapo kweli, naye hakuzificha. Lakini makuli wa Mombasa hawakuuliza noti zilichapishwa wapi. Shutuma hiyo ilikuja kuwa na makali baadaye, si wakati ule.

Baada ya mwaka mmoja wa masomo katika chuo cha Ruskin, Oxford, alirejea mwaka 1956 akakuta Waafrika wameruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kura yenyewe ilikuwa ya ajabu. Mwenye elimu, mali au utumishi wa muda mrefu aliweza kupewa hadi kura tatu, na asiye na chochote hakupewa hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji cheti cha utiifu. Machi 1957 Mboya aligombea kiti cha Nairobi dhidi ya wakili Clement Argwings-Kodhek, mtu aliyekwisha jijengea jina kwa kuwatetea washukiwa wa Mau Mau mahakamani. Mboya alishinda kwa kura chache.

Alichokifanya na ushindi huo ndicho kilichombadilisha kutoka kiongozi wa wafanyakazi hadi mwanasiasa wa umma. Serikali ya kikoloni iliruhusu vyama vya siasa vya wilaya pekee, ikihofia umoja wa taifa zima. Mboya akakubali mpaka huo, akaanzisha mwaka 1957 Nairobi People's Convention Party, akakijenga mtaa kwa mtaa kwa mbinu alizozijua kutoka kwa wachimba mitaro: matawi, kadi, ada ndogo, makamishna wa mitaa, mikutano ya kila wiki. Chama kilikuwa na gazeti lake, Uhuru. Kilipangia watu migomo ya kununua na maandamano. Mpishi, karani na mchuuzi, ambao wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura, walijikuta wakihudhuria mkutano, wakipitisha azimio na kumwajibisha kiongozi wa tawi. Tukiulizwa ni lini mwananchi wa kawaida wa Nairobi alipoanza kushiriki siasa kwa mpangilio, pasipo kupitia kwa mzee wa kabila, tungetaja mwaka huo na chama hicho.

Yaliyofuata yanajulikana na hatutayakalia. Desemba 1958 aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliowatafutia nafasi iliondoka Nairobi kwenda Marekani ikiwa na vijana 81, na kufikia mwaka 1963 waliokwenda chini ya mpango huo walikaribia 800. Familia ya Kennedy ilitoa fedha mwaka 1960. Miongoni mwa wasichana waliosafiri mwaka huo alikuwamo Wangari, ambaye ulimwengu ungemjua baadaye kama Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1974 mumewe aligombea ubunge wa Lang'ata, eneo lililojumuisha Kibera wakati huo, akawaahidi wapiga kura kazi. Alipochaguliwa, ni mkewe aliyehangaika kuitimiza ahadi kwa kuanzisha kampuni ya kuwapa maskini ajira ya kupanda miti. Kampuni ilikufa, lakini wazo likazaa vuguvugu la Green Belt mwaka 1977.

Mei 1960 chama cha KANU kilizaliwa na Mboya akawa Katibu Mkuu wake. Katika uchaguzi wa 1961 aligombea Nairobi East, eneo lenye wapiga kura wengi Wakikuyu, dhidi ya daktari Mkikuyu aliyeheshimika, Munyua Waiyaki. Wengi walitabiri kwamba kabila lingeamua. Mboya alimgaragaza mpinzani wake kwa wingi wa kura usio na mfano. Januari 1962 alimwoa Pamela Odede, binti wa mwanasiasa Walter Odede. Mwaka huo akawa Waziri wa Leba, na Oktoba akawakutanisha waajiri na wafanyakazi kutia sahihi mkataba wa uhusiano mwema kazini ambao uliweka utaratibu wa kutatua migogoro.

Hapa ndipo simulizi nyingi za Mboya huanza kwenda mbio hadi risasi ya 1969, na ndipo sisi tunapaswa kwenda polepole.

Baada ya uchaguzi wa 1963 aliteuliwa Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba. Katiba ya uhuru ilikuwa ya majimbo. Mikoa ilikuwa na mabaraza yake ya kuchaguliwa, yenye mamlaka juu ya ardhi, elimu na polisi wa ngazi fulani. KANU haikuipenda, kwa sababu zenye uzito. Majimbo yalikuwa ghali, yaliwagawa watu kwa makabila, na walowezi waliyashabikia kwa maslahi yao. Mboya ndiye aliyesimamia miswada ya kuyavunja. KADU ilijivunja Novemba 1964, na Desemba 12 Kenya ikawa jamhuri yenye rais mtendaji. Mabaraza ya mikoa yakafifia na kufa. Mahali pake pakasimama mfumo wa utawala wa mikoa uliorithiwa kwa mkoloni: mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, afisa wa tarafa, chifu na naibu wake, wote wakiteuliwa kutoka juu, wote wakiwajibika kwa Ofisi ya Rais.

Kwa mkulima wa Nyeri au Kisii, chifu alikuwa usumbufu tu. Ardhi yake alikuwa nayo. Kwa Kibera, mfumo huo ulikuwa kila kitu. Eneo hilo lilianza kukaliwa na wanajeshi wa Kinubi kutoka Sudani mwanzoni mwa karne ya 20, wakalipa jina la msitu kwa lugha yao, na mwaka 1918 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Tume ya ardhi ya Carter, miaka ya 1930, iliwahesabu Wanubi kama wapangaji wa serikali ambao wangeweza kuondolewa. Uhuru ulipokuja, serikali mpya ilirithi ardhi pamoja na msimamo huo. Pasipokuwa na hati wala diwani mwenye nguvu juu ya ardhi, aliyeamua nani ajenge banda, nani akarabati paa, nani abomolewe, alikuwa afisa wa utawala. Vibali visivyo na msingi wa sheria vikawa biashara. Sehemu nyingine za Kibera zikatwaliwa kwa nyumba za watu wenye mishahara, mitaa kama Olympic na Ayany, na maskini wakasogezwa bondeni.

Kawangware ilikwenda njia nyingine. Ilikuwa ardhi ya familia za Kikuyu za Dagoretti, na ilipokuwa ndani ya jiji baada ya mipaka kupanuliwa mwaka 1963, wenye mashamba walijenga vyumba vya mbao na mabati wakapangisha. Huko mgogoro ni kati ya mpangaji na mwenye kiwanja. Kibera mgogoro ni kati ya mpangaji, mwenye banda na dola. Tofauti hii ndogo ndiyo imefanya Kibera iwake kila siasa zinapochemka. Mwishoni mwa mwaka 2001, kauli za wakubwa kuhusu kupunguzwa kwa kodi ya nyumba zilifuatwa na mapigano kati ya wapangaji na wenye mabanda, na watu wakapoteza maisha.

Tumrudie Mboya. Desemba 1964 alihamishiwa wizara mpya ya Mipango ya Uchumi na Maendeleo, na mwaka 1965 wizara yake ikatoa Waraka Nambari 10 wa Bunge kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Jina lilikuwa la ujamaa, yaliyomo yalikuwa mengine. Waraka ulishauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapozalisha haraka zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme na watu waliokwisha kuchangamkia maendeleo. Mapato yatakayopatikana huko ndiyo yangesaidia sehemu nyingine baadaye. Kiuchumi hoja ilikuwa na mantiki, maana nchi ilikuwa changa na mfuko ulikuwa mdogo. Lakini penye barabara na umeme ni pale ambapo mkoloni alizipeleka kwa ajili ya mlowezi. Kwa kauli hiyo ramani ya upendeleo ya kikoloni ikapata muhuri wa serikali huru.

Watu walioachwa nje ya ramani hawakusubiri hayo mapato ya baadaye. Walipanda basi. Vikwazo vya kuingia Nairobi vilikuwa vimeondoka pamoja na Hali ya Hatari. Mwaka 1962 ndani ya mipaka mipya ya jiji walihesabiwa watu wapatao 343,500. Mwaka 1969 walikuwa zaidi ya 509,000. Wengi walitoka Nyanza na Magharibi, sehemu zile zile zilizokuwa mkiani mwa mipango. Kazi hazikuongezeka kwa kasi hiyo, wala nyumba. Mabonde ya Kibera yakajaa. Si haki kumbebesha mtu mmoja na waraka mmoja mzigo wa mabanda yote ya Nairobi, kwani kilichofanywa na waliomfuata kwa miaka 40 kilikuwa kibaya zaidi. Ila ni haki kusema kwamba Bwana Afya wa zamani, aliyejua vyema mtaro unavyonuka, alitia sahihi mpango ambao haukuuona mtaro huo ukija.

Na sauti je? Ile sauti aliyoifunza mitaani? Mwaka 1965 vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kwa nguvu chini ya COTU, na Rais akapewa usemi katika uteuzi wa katibu mkuu wake. Machi 1966, katika mkutano wa KANU huko Limuru, Mboya alisuka kwa ustadi mabadiliko ya katiba ya chama yaliyofuta cheo cha makamu mmoja wa rais wa chama na kuweka manane. Jaramogi Oginga Odinga akajikuta bila kiti. Aprili alijiuzulu serikalini akaunda KPU. Bunge likapitisha haraka sheria iliyowalazimu wabunge waliohama chama kurudi kwa wapiga kura. Katika chaguzi ndogo za Juni 1966, KPU ilipata kura nyingi kuliko KANU kwa jumla, lakini ilinyakua viti 9 tu kati ya 29. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ikafuata. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya, wagombea wa KPU walikataliwa kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa sawasawa. Uchaguzi wa diwani, ambao ndio ulio karibu zaidi na choo na mtaro, ukawa wa chama kimoja, Mboya akiwa Katibu Mkuu wa chama hicho.

Wanaomtetea husema alipambana na Odinga kwa sababu ya Vita Baridi, na kwamba Kenya ingeparaganyika. Huenda. Lakini zana alizozisaidia kuundwa hazikuwa na jina la mtu. Odinga alipokwisha kuondolewa, wenye nguvu waliomzunguka Rais Jomo Kenyatta, ambaye afya yake ilitetereka mwaka 1968, waliangaza macho kumtafuta mrithi, na waliyemwona mbele yao akiwa na chama mkononi alikuwa Mboya. Mwaka huo huo ulipendekezwa mswada wa katiba ambao ungemtaka mgombea urais awe na umri wa miaka 40. Mboya alikuwa hajafikisha umri huo. Wabunge waliukataa umri huo ukashushwa hadi 35, ila ujumbe ulifika. Katiba aliyoijenga ilikuwa inafinyangwa upya ili kumwacha nje.

Alikuwa akiishi Lavington, mtaa wa bustani na ua mrefu ulio jirani na Kawangware. Jirani hao wawili wametenganishwa na barabara chache, na asubuhi hadi leo wapishi, walinzi na yaya huvuka kwenda kazini. Watu waliokwenda kwa Mboya kuomba karo au kazi walikuwa wengi, na kwa kila hali hakuwafungia mlango. Lakini hicho kilikuwa kitu tofauti na tawi la mwaka 1957. Tawini mtu alidai. Mlangoni mtu aliomba.

Jumamosi, Julai 5, 1969, akiwa ametoka tu kurejea kutoka Addis Ababa, alisimamisha gari karibu na duka la dawa la Chhani katika Barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue. Ilikuwa yapata saa saba mchana. Alipokuwa akitoka dukani alipigwa risasi. Alifariki kabla ya kuhudumiwa hospitalini. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alishtakiwa, akahukumiwa kifo na kunyongwa kabla ya mwaka kwisha. Kama alitumwa, aliyemtuma hakufikishwa mahakamani.

Siku ya misa ya wafu katika Kanisa Kuu la Holy Family, umati uliupiga mawe msafara wa Rais Kenyatta na polisi wakajibu kwa virungu na gesi ya machozi. Mji aliouunganisha kwa kadi za chama na vyama vya wafanyakazi ulianza kugawanyika kwa makabila kabla mwili wake haujafika Rusinga. Kiapo kikaliwa Kiambu. Oktoba 25 watu walipigwa risasi Kisumu wakati Rais alipokwenda kufungua hospitali, na siku tano baadaye KPU ikapigwa marufuku, Odinga na wenzake wakatiwa kizuizini. Uchaguzi wa Desemba 1969 ulifanyika kwa chama kimoja tu. Kenya ilikaa hivyo hadi mwishoni mwa mwaka 1991, na katikati ya kipindi hicho, mwaka 1983, hata Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa na kuwekwa chini ya tume ya kuteuliwa.

Soweto East ilikua katika miaka hiyo, bila diwani wa kumtisha afisa na bila afisa wa kumjali diwani. Upepo ulipobadilika, serikali na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, walitiliana sahihi mwaka 2003 mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, na Soweto East ikateuliwa kuwa mahali pa kuanzia. Wakaazi walichagua kamati yao, yenye wawakilishi wa wapangaji, wenye mabanda, vijana, walemavu na makundi ya dini. Vikajengwa vyoo vya umma, mabomba ya maji na barabara ya kupenya mtaani. Wenye mabanda walikwenda mahakamani kuupinga mradi wa nyumba, wapangaji wengi wakalalamika kwamba kamati iliarifiwa zaidi ya ilivyosikilizwa. Septemba 2009 familia za Kanda A zilihamishiwa nyumba za muda Lang'ata. Mwaka 2010 wananchi walipitisha katiba mpya iliyorudisha serikali za kuchaguliwa katika kaunti, ikaandika haki ya makao na usafi wa mazingira, ikalazimisha umma ushirikishwe kabla ya uamuzi. Mengi yaliyofutwa mwaka 1964 yalirudi kwa jina jingine. Nyumba 822 za Kanda A zilikabidhiwa mwaka 2016.

Sanamu ya Mboya ilizinduliwa Oktoba 2011, hatua chache kutoka pale alipoanguka. Barabara iliyoitwa Victoria ilikuwa imepewa jina lake zamani. Kule Soweto East, kanda nyingine zilikuwa bado zinangoja zamu yao, na swali lililoulizwa kwenye mikutano ya kamati lilikuwa lile lile ambalo wazoa taka wa Baraza la Jiji walimletea katibu wao kijana mwanzoni mwa miaka ya 1950: orodha ya majina ameiandika nani, na sisi tutaiona lini?